Salamu ya Mara Moja

Ukitaka kujua jinsi watu wa Kigali walivyo na huruma, waambie kwamba kila Jumamosi unaenda Ndera kuongea na mashine. Hawatakucheka. Watakushika kiwiko, watapunguza sauti, halafu watakuuliza kama familia inajua. Ndera kuna hospitali ya wagonjwa wa akili, na mji mzima umekubaliana kwamba mtu hana sababu nyingine ya kwenda huko.

Familia yangu ilijua. Ndiyo iliyonituma.

Mimi ni Mucyo. Nina cheti cha sekondari, mchepuo wa kompyuta, na nina kibanda Remera, si mbali na uwanja, ninakobadilisha vioo vya simu. Kuhusu huo mchepuo nisikudanganye: darasani kwetu kompyuta moja ilikuwa ya wanafunzi sita, na mimi nilikuwa wa sita. Kazi yangu ilikuwa kusema "jaribu tena". Niliifanya vizuri sana, mpaka nikafaulu.

Mwenye akili nyumbani ni kaka yangu Keith. Hasemi ovyo, na ana mchumba, Trinah, ambaye namwita shemeji tangu siku ya kwanza ili nisipewe nafasi ya kufikiria vinginevyo. Trinah alilelewa na baba yake mkubwa, Mzee Rutayisire, aliyefundisha hesabu Morogoro miaka mingi kabla ya kurudi Rwanda mwaka tisini na tano. Kwake Ndera huzungumzwa Kiswahili kama kwetu, maana mama yangu naye alikulia Karagwe, na Kinyarwanda chake mpaka leo kinatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Mwezi wa tatu, siku tuliyokwenda gufata irembo, yaani ile safari ya kwanza ya kubisha hodi ukweni, niliona sebuleni kwa mzee kitu kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pameegeshwa maua ya plastiki. Nikajua ni maikrowevu. Mzee akaondoa maua, akaondoa kitambaa, akakaa kando kama anayemtambulisha mama yake. Ilikuwa kompyuta. Ya rangi ya chai ya maziwa, kibodi na ubongo vyote katika sanduku moja nene, ya kuchomekwa kwenye televisheni. Aliachiwa na mwalimu mwenzake mgeni mwaka themanini na saba, na aliporudi nyumbani aliipakata yeye mwenyewe mbele ya lori. Vyombo vya mke wake vilikaa nyuma.

"Nasikia kwenu kuna kijana wa kompyuta," akasema.

Mtu mwenye busara angetazama ukuta. Mimi nikasema, "Mzee, mimi kompyuta hata ikiwa imezikwa naifukua. Hii nitaifanya iwasalimu wageni kwa Kiswahili."

Keith alinikanyaga mguu, lakini alichelewa. Mdomo wangu huwa unafika kabla ya watu wote.

"Vizuri," mzee akasema. "Basi siku ya gusaba, mtakapokuja kumwomba binti rasmi, mashine itasalimu kwa niaba yenu. Ikiongea, tutaongea. Ikinyamaza, mtakunywa fanta, mtarudi kwenu, tutaonana mwakani."

Wote tukacheka. Baadaye, tukiwa getini, Trinah alituambia tuache kucheka. Binti mwingine wa ukoo ule alikuwa na posa nzuri tu, na mzee aliwarudisha wageni kwa sababu msemaji wao alivaa miwani ya jua wakati wa salamu. Walingoja mwaka mzima.

"Shemeji," akaniambia, "ukiniharibia, nitaolewa nikiwa na mvi, na nitahamia kwenu nikiwa na mvi hizo, nikae chumbani kwako."

Ndivyo nilivyoanza kwenda Ndera kila Jumamosi.

Hapa inabidi nikueleze kidogo jinsi mashine zile zinavyoishi, vinginevyo hutaelewa ukubwa wa ujinga wangu, na mimi nataka uuelewe wote.

Kompyuta ile ina kilobaiti sitini na nne za kumbukumbu. Picha moja ya "Asubuhi Njema" ambayo mama hunitumia kwenye simu, ile yenye waridi na kikombe, isingeenea humo hata ukiikunja. Programu niliiandika kwa lugha ya C kwenye laptopu yangu, nikaihamishia kwa kikadi. Na programu ya C haianzi moja kwa moja. Kuna msimbo wa kuanzishia unaotangulia, kama wale vijana wa kupanga viti harusini. Wao ndio hugawa kumbukumbu katika sehemu: hapa pakae maagizo, hapa pakae maneno yasiyobadilika, hapa pakae vitu vitakavyojazwa baadaye, na pale pa baadaye hupapiga deki pawe sifuri tupu. Wakimaliza, wanaita programu yenyewe, wanaondoka.

Sasa kwa sababu nafasi ni ndogo, waliotengeneza vitu hivi waligundua ujanja. Vijana wa kupanga viti wakishaondoka, mahali walipokuwa wamesimama pana kazi gani? Basi kuna sehemu moja ya kumbukumbu ambayo mimi naiita ya mara moja. Ukiweka kitu humo, kinatumika mwanzoni tu, kisha nafasi yake inapigwa deki na kupewa wengine. Aliyekuwa amekaa pale hapewi hata taarifa.

Programu yangu ilikuwa na mambo matatu. Ya kwanza salamu, mistari minne. Ya pili sifa, pamoja na picha ya ng'ombe wa Inyambo na muziki wa mlio mmojammoja. Ya tatu ombi lenyewe la binti. Nilipomaliza kuchora ng'ombe, nafasi ilikuwa imekwisha. Baiti sabini na kitu zilikuwa zinaning'inia nje kama mguu wa mtu kwenye kitanda kifupi.

"Punguza pembe," Trinah akasema, akiwa amesimama nyuma yangu na sahani ya karanga. Pembe zile zilijaa kioo kizima, kushoto mpaka kulia.

"Shemeji, Inyambo bila pembe ni mbuzi."

"Basi punguza maneno."

"Ya nani? Yangu?"

Akaniangalia, akaondoka na karanga zake.

Nikafikiri, kisha nikapata wazo, na nilipolipata nilijipigia makofi kwa sauti, peke yangu, sebuleni kwa watu, Ndera. Salamu husemwa mara moja tu, si ndiyo? Unaingia, unasalimu, basi. Nikaichukua ile mistari minne nikaiweka katika sehemu ya mara moja, nikaagiza msimbo wa kuanzishia uionyeshe mashine ikiwashwa tu. Ikishaonekana, nafasi yake ipewe bafa ya kibodi, yaani pale yanapokaa yale ninayochapa. Bafa ilikuwa na herufi themanini, sawa na mistari miwili ya kioo. Kila kitu kikaenea. Pembe zikabaki.

Kosa lilikuwa moja. Mimi nimehudhuria gusaba zaidi ya ishirini, lakini huwa naenda kwa ajili ya chakula, na chakula huja mwisho. Kwa hiyo nafika mwisho. Sehemu ya salamu sikuwahi kuiona hata siku moja. Mtu yeyote wa hapa aliyekaa chini tangu mwanzo angeniambia kwamba salamu ya gusaba haipokelewi mara ya kwanza. Wenyeji watasema hawakusikia, au aliyesalimu alisimama vibaya, au mlango haukuwa tayari. Lazima wageni warudie. Ndiyo raha yenyewe ya shughuli.

Niliijaribu programu mara arobaini: salamu, sifa, ombi, zima. Mara zote arobaini nilikuwa kijana mwenye adabu asiyerudia jambo.

Na kuna jambo jingine, hili ni la aibu zaidi. Ili mashine ionekane inaelewa, nilipanga kwamba mzee akiongea mimi nachapa, kana kwamba naipelekea maneno yake. Kioo kinaandika NINASIKILIZA, bila kuonyesha ninachochapa. Nikibonyeza kitufe cha kumalizia, inatoa jibu linalofuata, hata kama nimechapa nini. Kwa hiyo ningeweza kuchapa chochote. Mtu mwingine angechapa herufi moja tu akabonyeza.

Jumamosi ya gusaba ilifika. Turubai mbili zilisimamishwa uani kwa mzee, wao upande huu, sisi upande ule, katikati meza yenye televisheni na mashine, na mimi nimekaa nyuma yake nimevaa mushanana mweupe wa kukodi, vazi la sherehe la kufunga begani, uliokuwa ukiniteleza. Msemaji wetu alikuwa Mzee Valens, jirani yetu, mtu mnene mpole ambaye akisema neno hulifuata kwa macho mpaka litue. Msemaji wao, bila shaka, Mzee Rutayisire. Trinah alikuwa ndani, kama ilivyo desturi: bibi harusi haonekani wala hasikiki mpaka aitwe.

Mzee Valens akakohoa, akasema kwamba siku hizi vijana wana mambo yao, akaniashiria. Nikawasha.

AMANI IWE NYUMBANI HUMU
TUMETOKA MBALI TUMEWAKUTA SALAMA
TUMEKUJA KWA HESHIMA NA UNYENYEKEVU
WAZEE TUPOKEENI

Makofi yakapigwa pande zote mbili. Mama yangu alilia kidogo. Nikamwona Keith akishusha mabega kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Kisha Mzee Rutayisire akasimama kujibu, na jamani, mzee yule aliongea. Alianza na babu yake. Akavuka mto Akagera kwenda, akakaa Morogoro miaka thelathini kamili, nikawa nasubiri avuke kurudi. Vidole vyangu viko juu ya kibodi, kioo kinasema NINASIKILIZA, harufu ya brosheti, mishkaki ya kwetu, inatoka nyuma ya nyumba. Mimi nikachapa. Nilichapa kwanza kuhusu kofia ya shangazi yake Trinah. Nikafuta. Nikachapa mengine, mistari miwili, nikayasoma kichwani, nikajiona bingwa. Alipokaa chini nikabonyeza.

Ng'ombe akatokea, pembe kushoto mpaka kulia, muziki ukalia. Watu wakasimama. Hata mzee alitikisa kichwa kwa heshima kama vile ng'ombe angemwona.

"Ng'ombe nimemwona," akasema. "Lakini nina neno. Salamu yenu ilipotoka, shangazi wa binti alikuwa jikoni. Hakuiona. Na katika nyumba hii, salamu ambayo shangazi hakuiona haijatolewa. Sijui hata nyinyi ni akina nani. Salimuni upya."

Upande wao wakacheka, upande wetu wakacheka, Mzee Valens akacheka huku akisema, "Mzee, tunakubali kosa, tunarudia." Akanigeukia. Kila mtu alijua hilo litakuja, isipokuwa mimi.

Lakini sikuogopa. Katika menyu nilikuwa nimeacha kitufe cha moja, cha salamu, tangu zile siku nafasi ilipokuwa ya kutosha. Nikakibonyeza. Kidole kilipokuwa bado hewani ndipo nikakumbuka nani amekaa kwenye kiti cha salamu.

HUYU MZEE AKIMEZA MATE ANAYATOLEA HOTUBA
NJAA INANIUMA YEYE BADO YUKO UTANGULIZI
TUMEKUJA KWA HESHIMA NA UNYENYEKEVU
WAZEE TUPOKEENI

Bafa ilikuwa imekalia mistari miwili ya kwanza barabara, herufi kwa herufi. Miwili ya mwisho haikufikiwa, ikabaki pale na adabu zake zote.

Mzee Rutayisire akatoa miwani mfukoni, akaipangusa, akaivaa, akasogea mpaka kwenye televisheni, akasoma kwa sauti ya darasani, kituo kwa kituo, mistari yote minne. Alipofika "unyenyekevu" alisimama kidogo, akaendelea.

Mama yangu alikuwa anatazama viatu vyake. Keith alikuwa ananitazama mimi, wala si kwa hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu miezi.

Mzee Valens ni mtu mwema. Alisimama na kusema, polepole, "Mzee mwenzangu, mashine hii ni ya zamani. Imezeeka. Wazee wa aina hii wakati mwingine huropoka. Tusiiweke moyoni."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, jambo ambalo watu wengine hulifanya kila siku bila kufundishwa.

Mzee Rutayisire akaweka kiganja juu ya ile kompyuta, pale inapopata joto. "Hii?" akasema. "Hii haijaropoka tangu themanini na saba. Nimeifundishia watoto mia tatu. Ikikosea, ni aliyeiandikia." Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Lakini kama mnasema imezeeka, basi nitaifunika."

Na akaanza kutafuta kitambaa chake.

Sijui ni kitu gani kilinisimamisha. Nadhani ni kile kitambaa. "Mzee," nikasema, "mashine haina kosa. Ni mimi. Nilikuwa nachapa wakati unaongea."

"Haya maneno?"

"Hayo, mzee."

"Na mbona imeyasema sasa, wala siyo pale ulipoyachapa?"

Basi nikaeleza. Mbele ya koo mbili, nimevaa mushanana begani umeshuka, nikaeleza habari ya vijana wa kupanga viti, na sehemu ya mara moja, na jinsi nafasi inavyopigwa deki na kupewa mwingine. Nilieleza mpaka na pembe za ng'ombe. Hakuna gusaba iliyowahi kusikiliza habari ya kumbukumbu kwa utulivu kiasi kile. Mzee alikuwa anatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha.

"Ngoja nione kama nimeelewa," akasema. "Kiti cha salamu ulikitoa, kwa kuwa ulidhani salamu imeshaondoka. Ukampa nani?"

"Nilikipa mdomo wangu, mzee."

Shangazi mwenye kofia alitoa mlio puani.

"Sawa. Mmetukosea, na mtalipa icyiru," mzee akasema, na icyiru ni ile fidia ya kosa la ukweni, kila mtu akakaa vizuri asikie. "Mashine imepumzika. Sasa kijana asalimu kwa mdomo huohuo. Ile salamu ya kwanza, mistari minne, kama alivyoiandika."

Rahisi. Niliitunga mwenyewe, niliitazama mara arobaini. Nikasimama wima, nikavuta mushanana, nikafungua kinywa.

"Tumekuja kwa heshima na unyenyekevu," nikasema. "Wazee tupokeeni."

Wakangoja.

"Hiyo ni ya tatu na ya nne," mzee akasema. "Ya kwanza?"

Nikatafuta. Naapa nilitafuta. Mahali ilipokuwa palikuwa na kofia ya shangazi, na brosheti, na ile mistari yangu miwili ikiwa imekaa imekunja nne. Ndipo nilipojua kwamba kichwani mwangu nako salamu nilikuwa nimeiweka sehemu ileile.

"Mzee," nikasema, "humu pia pamepigwa deki."

Kicheko kilitoka ndani ya nyumba. Siyo kidogo. Kilikuwa cha Trinah, kile chake cha kuishiwa pumzi, na nyuma yake sauti za wanawake wakimziba mdomo, na kitu cha bati kikaanguka. Uani kila mtu aligeuka kutazama lile dirisha, kisha wakamgeukia Mzee Rutayisire.

Mzee Valens akalifuata lile cheko kwa macho mpaka likatua. Halafu, taratibu sana, akainuka.

"Mzee mwenzangu," akasema. "Mimi ni mgeni hapa, sijui desturi za nyumba hii. Kwetu binti anayeposwa hasikiki mpaka aitwe. Kwenu ikoje?"

Mzee Rutayisire alitazama dirisha. Alivua miwani, akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Kwetu pia hasikiki," akasema.

"Basi naona kuna kosa letu moja, limetoka kwenye mashine. Na kuna kosa moja limetoka dirishani."

"Limetoka," mzee akakubali.

"Sisi tuko tayari kusahau la dirishani."

Nilimwona mzee akijaribu kutokucheka, na akishindwa kuanzia kidevuni. "Yakatane," akasema. "Semeni mlichokuja kusema, maana nasikia kuna mtu ana njaa na mimi bado niko utangulizi."

Ombi Mzee Valens alilitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna aliyeniruhusu kugusa kibodi. Binti tukapewa, Keith akatoa pumzi aliyoishikilia tangu mwezi wa tatu, na mimi nikala brosheti sita nikiwa nimesimama, maana kiti changu alikuwa ameshapewa shangazi.

Makosa yalikatana, lakini mzee hakunisamehe mimi binafsi. Alisema la ukoo limekwisha, la programu halijaisha, na mwanafunzi hatoki darasani kabla ya kusahihisha. Jumamosi iliyofuata nikarudi Ndera. Nikaitoa salamu kwenye sehemu ya mara moja, nikaiweka pamoja na maneno yasiyobadilika, pale ilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Nafasi ikapungua. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikafumba macho, nikakata pembe.

Mzee alileta kiti chake, akawasha, akasoma salamu. Akabonyeza moja, akaisoma tena. Akabonyeza tena, mara saba, akiitazama kama anayemkagua mtoto meno. Akaridhika. Kisha akabonyeza mbili, muziki ukalia, mnyama wangu akatokea.

Alimtazama kwa muda mrefu.

"Mucyo," akasema, "huyu mbuzi ni wa nani?"